Nyota Yako Haijafungwa: Somo la Familia kuhusu Anga la Usiku

Masomo ya kusoma pamoja: Ayubu 9:9, Ayubu 38:31-33, Amosi 5:8, Zaburi 147:3-4



Somo la familia la mwezi huu tutalifanyia nje. Fungueni Biblia mezani kwanza, msome mistari hiyo kwa sauti, kisha vaeni makoti mtoke, wazazi na watoto. Mtahitaji dakika arobaini, usiku usio na mawingu, na macho yenu. Hakuna cha kununua.

Nimelileta somo hili kwa sababu mbili. Ya kwanza ni watoto wetu. Wale waliozaliwa hapa Columbus wanazijua sayari zote kwa Kiingereza kutoka shuleni, lakini wengi hawajawahi kuonyeshwa Kilimia kwa kidole na mzazi wao, kwa lugha yetu.

Sababu ya pili ni nzito zaidi. Neno "nyota" linazunguka katika simu zetu kwa namna inayoumiza watu. Mtu makaratasi yake yamekwama, au amepunguzwa kazini, au amekaa miaka bila kupata mwenzi, na jamaa kutoka nyumbani anamwambia: nyota yako imefungwa, nyota yako imeibiwa, yuko mtaalamu wa kuisafisha. Baada ya hapo inakuja namba ya kutumia pesa. Hatuji kumcheka mtu aliyetuma. Mtu mwenye uchungu hushika kamba yoyote anayotupiwa. Lakini inafaa tutoke nje tukaziangalie hizo nyota zenyewe, tuone kama zinafungika.

Nyota mbili zenye jina katika Biblia yetu

Nasema mbili kwa desturi, ila ni makundi mawili: Kilimia na Orioni. Mistari ya Ayubu na Amosi mliyoisoma inayataja yote mawili, kila mahali.

Kilimia ni jina letu wenyewe. Limetoka kwenye kulima. Wazee wetu walikitazama kujua majira ya shamba, na pwani kulikuwa na msemo kuhusu Kilimia kuzama wakati wa jua na kuzuka wakati wa mvua. Hata kule kusini kabisa mwa Afrika, Waxhosa na Wazulu wanakiita isiLimela, mzizi ule ule wa kulima. Watafsiri wa Biblia ya Kiswahili hawakulazimika kuazima jina la kigeni hapo, kwa sababu mkulima alikuwa nalo tayari.

Orioni inajulikana pia kwa Kiswahili kama Jabari, jina lililotoka kwenye Kiarabu, maana yake mtu mwenye nguvu. Ukiiona utajua kwa nini: mabega mawili, mshipi wa nyota tatu, na miguu miwili.

Kabla ya kutoka: jicho linavyoona gizani

Kwa kazi mimi ni muuguzi, kwa hiyo naomba nianze na jicho.

Ukitoka kwenye sebule yenye taa, mboni ya jicho hufunguka haraka, ndani ya sekunde kadhaa. Lakini hiyo ni hatua ya kwanza tu. Nyuma ya jicho kuna seli za aina mbili. Za kwanza zinaona rangi na zinahitaji mwanga mwingi. Za pili zinaona katika giza, na hizo hutumia kemikali iitwayo rodopsini. Mwanga mkali huivunja rodopsini, na mwili huhitaji dakika 20 hadi 30 kuitengeneza upya. Ndiyo maana mtu anayetoka nje, akaangalia juu dakika mbili na kurudi ndani, husema hakuna nyota Marekani. Nyota zipo, ni macho yake ambayo hayajawa tayari.

Kwa hiyo simu zibaki mfukoni. Kutazama ujumbe mmoja tu kunakurudisha mwanzo. Kama lazima muwe na taa, ifunikeni kwa plastiki au kitambaa chekundu, kwa sababu seli za gizani hazisumbuliwi sana na mwanga mwekundu.

Rodopsini hutengenezwa kwa vitamini A. Mtoto aliyepungukiwa sana na vitamini A hupata upofu wa usiku: jua likizama anaanza kujikwaa. Vyakula vya kwetu vinasaidia hapa: mchicha, matembele, viazi vitamu vya rangi ya chungwa, karoti, na mawese mekundu ambayo ndugu zetu wa Kongo na Burundi hawawezi kuishi bila hayo.

Tena, macho yachunguzeni huko huko nje. Kama watoto wengine wanahesabu nyota sita kwenye Kilimia na mmoja anaona ukungu tu, mpelekeni akapimwe macho, huenda anahitaji miwani na darasani haoni ubao. Kama bibi au babu anasema kila taa ina duara la mwanga kuizunguka, huenda ana mtoto wa jicho. Na mwenye kisukari apimwe macho kila mwaka hata kama anaona vizuri.

Mambo machache ya usalama. Vaeni nguo kadhaa moja juu ya nyingine, kofia na glavu, hasa watoto wadogo ambao hawasemi kama vidole vimekufa ganzi. Simameni kwenu, uani au kwenye maegesho ya jengo lenu, msiingie kwenye kiwanja cha mtu. Bustani nyingi za jiji hufungwa usiku, someni kibao kwanza. Kama mna majirani msiowazoea, waambieni mapema kwamba mtakuwa nje na watoto mkiangalia nyota. Huenda nao wakatoka.

Kuzitafuta

Wakati mzuri ni Januari na Februari, kati ya saa mbili na saa tatu usiku.

Tafuteni kwanza nyota tatu zilizopangwa kwenye mstari mmoja mfupi. Januari mtaziona upande wa kusini-mashariki, Februari moja kwa moja kusini. Huo ni mshipi wa Orioni. Hata taa za jiji haziwezi kuuficha.

Juu ya mshipi, upande wa kushoto, kuna nyota yenye wekundu: Betelgeuse, bega la Jabari. Chini ya mshipi, upande wa kulia, kuna nyota nyeupe yenye ubuluu: Rigel, neno la Kiarabu lenye maana ya mguu. Waulizeni watoto ipi ina moto zaidi. Wengi watasema nyekundu. Sivyo. Chuma cha mhunzi huanza kuwa chekundu, kikizidi moto kinakuwa cheupe, na nyota ni hivyo hivyo. Betelgeuse ina nyuzi joto kama 3,300 kwenye uso wake, Jua letu lina 5,500, na Rigel inazidi 11,000.

Sasa fuateni mstari wa mshipi kwenda chini kushoto. Mtaikuta Sirius, nyota inayong'aa kuliko zote za usiku. Ikiwa chini karibu na upeo wa macho inametameta rangi zote, kwa sababu mwanga wake unapita kwenye hewa nyingi. Kama mkiona "nyota" yenye mwanga mkali ambayo haimetimeti, huenda ni sayari: Zuhura, Mshtarii, Mirihi au Zohali.

Rudini kwenye mshipi, mfuate mstari kwenda juu kulia. Mtapita nyota moja yenye rangi ya chungwa, Aldebaran, kisha mtafika kwenye kikundi kidogo cha nyota zilizosongamana kama vifaranga. Hicho ndicho Kilimia. Januari kiko juu sana, karibu na utosi. Kihesabuni kimya kimya, kila mmoja peke yake, kisha mlinganishe. Wengi huona sita au saba. Ukweli ni kwamba mle ndani zimo zaidi ya 1,000.

Na kuna ujanja mmoja: ukitaka kuona kitu hafifu, usikikazie macho. Tazama pembeni yake kidogo, kwa sababu seli za gizani ziko nyingi zaidi pembeni kuliko katikati ya jicho. Jaribuni hivyo chini ya mshipi wa Orioni, palipo kama upanga unaoning'inia. Mkiwa mahali penye giza mtaona doa la ukungu. Lile ni wingu kubwa la gesi na vumbi ambamo nyota mpya zinazaliwa sasa hivi. Kwa lugha ya hospitali, ni wodi ya wazazi.

Mwenye darubini ndogo ya macho mawili, ile ya kuangalia ndege, aje nayo. Na familia inayotaka giza zuri zaidi, kuna John Glenn Astronomy Park kule Hocking Hills, mwendo wa saa moja hivi kwa gari kusini-mashariki mwa Columbus. Imepewa jina la mwana wa Ohio ambaye mwaka 1962 alikuwa Mmarekani wa kwanza kuizunguka Dunia angani.

Ziko mbali kiasi gani

Mwanga hukimbia kilomita 300,000 kwa sekunde moja. Kutoka kwenye Jua hadi hapa hutumia kama dakika nane. Unaosafiri mwaka mzima hufika karibu kilomita trilioni 9.5, na umbali huo huitwa mwaka wa nuru.

Sirius iko umbali wa miaka ya nuru 8.6. Kama una mtoto wa darasa la tatu, mwambie: mwanga unaoingia machoni mwako sasa uliondoka kwenye Sirius ulipokuwa ndiyo kwanza umezaliwa. Aldebaran ni kama miaka 65. Huo ni mwanga wa umri wa bibi. Kilimia ni kama miaka 440, kwa hiyo mwanga wake uliondoka kabla Wareno hawajaanza kujenga Ngome ya Yesu pale Mombasa mwaka 1593. Rigel ni zaidi ya miaka 800.

Na ukubwa wake? Ukiiweka Betelgeuse mahali pa Jua letu, ingezimeza Utaridi, Zuhura, Dunia na Mirihi.

Nyumbani nao wanaiona

Katikati ya Januari, ikiwa saa mbili usiku hapa, Nairobi na Dar es Salaam ni saa kumi alfajiri ya siku inayofuata, na Bukavu na Bujumbura ni saa tisa usiku. Saa ile ile mnayoitazama Orioni ikipanda kusini-mashariki, kule nyumbani iko chini upande wa magharibi, inaelekea kuzama. Kilimia kwao kimeshazama. Mama anayeamka kwa maombi ya alfajiri, akitoka uani na kuangalia magharibi, ataiona Orioni hiyo hiyo mnayoiona ninyi. Mpigieni siku moja mwangalie pamoja. Watoto wamwonyeshe bibi, na bibi awaambie kwao inaitwaje.

Mtagundua tofauti. Hapa Orioni husimama wima upande wa kusini. Kule karibu na ikweta huchomoza ikiwa imelala ubavu, na ikifika katikati ya safari yake inapita karibu juu ya utosi. Nyota hazijageuka. Sisi ndio tuliosimama sehemu nyingine ya Dunia. Ndiyo maana pia Nyota ya Kaskazini hapa iko juu karibu nyuzi 40, wakati Dar es Salaam haionekani kamwe. Na ule Msalaba wa Kusini ambao wengi wetu tuliuona utotoni, hapa hauchomozi. Haujapotea. Uko kule ulipokuwa, chini ya upeo wa macho yetu.

Basi, nani anaweza kuifunga nyota?

Turudi kwenye Ayubu. Huyu alikuwa amefiwa na watoto, amepoteza mali, na mwili wake umejaa majipu. Rafiki zake walikaa naye vizuri siku saba bila kusema kitu. Walipofungua midomo wakaanza kumweleza sababu iliyofichika ya mateso yake, kila mmoja kwa ujasiri, na wote walikosea. Sura ya 42 Mungu anawakasirikia wao.

Mungu alipozungumza, hakumsomea Ayubu nyota. Alimwuliza maswali, na mojawapo ni kuhusu Kilimia na Orioni: ni wewe unayeweza kuvifunga au kuvilegeza? Wapo wanaoutumia mstari ule kudai kwamba Biblia inafundisha fizikia ya Kilimia, eti nyota zake hazitaachana kamwe. Tusiulazimishe mstari. Nyota za Kilimia zimeshikana kwa mvutano wao, ni kweli, lakini wataalamu wanasema baada ya mamilioni mengi ya miaka nazo zitatawanyika. Swali la Mungu ni la mkono: mkono wa nani unafika kule? Jibu la Ayubu ni kwamba si wake. Jibu letu leo ni hilo hilo. Na kama mkono wa Ayubu, mtu mwenye haki, haufiki, basi haufiki mkono wa jirani mwenye wivu, wala wa mtaalamu wa kwenye WhatsApp anayetaka dola 300.

Hata hesabu za wanajimu zina shida. Mtu aliyezaliwa tarehe 5 Desemba huambiwa nyota yake ni Mshale. Lakini siku hiyo Jua halimo katika Mshale. Limo katika kundi jingine liitwalo Ophiuchus, Mshika Nyoka, ambalo halimo kabisa katika orodha yao ya kumi na mbili. Anayekuuzia habari za nyota yako, mwulize kwanza akuonyeshe iko wapi.

Lipo jambo moja la kweli lililotokea kwa bega la Jabari, nanyi wazazi liwekeni akilini. Mwishoni mwa 2019 Betelgeuse ilianza kufifia, na kufikia Februari 2020 ilikuwa imepoteza zaidi ya nusu ya mwangaza wake wa kawaida. Watu duniani kote walisema inakufa, italipuka. Wataalamu wakaelekeza darubini zao wakachunguza. Walikuta kwamba nyota ilitema gesi, gesi ikapoa ikawa vumbi, na vumbi likakaa kati yake na sisi. Baada ya miezi michache iling'aa tena.

Kwa hiyo ndugu akikuambia nyota yako imefifia, fanya kama wale wataalamu: tafuta vumbi. Makaratasi yaliyokwama yana sababu inayotafutika: foleni ndefu, fomu iliyokosa sahihi, anwani iliyobadilika bila taarifa kutolewa. Tafuta mwanasheria mwenye leseni, na kama hujui pa kuanzia, waone wazee wa kanisa wakusindikize. Usingizi uliopotea, machozi yasiyo na sababu na uchovu unaopita wiki mbili vina jina hospitalini na vina tiba, hasa miezi hii ya siku fupi na giza refu. Mwambie daktari, tena una haki ya kuomba mkalimani. Uchungu wa kukosa mazishi ya mzazi kwa sababu huwezi kusafiri hautokani na nyota. Ni upendo uliokosa mahali pa kwenda. Mwambie mtu, tuje tukae nawe.

Zaburi ya 147 imeweka mistari miwili jirani. Wa tatu unasema Mungu huwatibu waliovunjika moyo na kufunga vidonda vyao. Wa nne unasema huzihesabu nyota na kuziita kwa majina. Mimi nafunga vidonda kila siku, na najua kazi hiyo haifanywi kwa mbali. Lazima uiname, uguse, usikie harufu, umwulize mtu kama anaumia. Mwandishi wa zaburi anatuambia kwamba anayezijua zile zaidi ya 1,000 za Kilimia moja moja ndiye anayeinama karibu namna hiyo. Kitu pekee kinachofungwa pale ni kidonda chako.

Maswali ya mezani mkisharudi ndani

1. Kila mmoja alihesabu nyota ngapi katika Kilimia? Kwa nini hesabu zinatofautiana?
2. Kwa lugha ya nyumbani kwenu, Kilimia na Orioni vinaitwaje? Kama hamjui, nani wa kumpigia?
3. Nyota gani mwanga wake una umri unaokaribia wa mtu fulani katika familia?
4. Rafiki za Ayubu walimsaidia lini, na walianza kumwumiza lini?
5. Kuna "vumbi" gani katika familia yetu ambalo tumelipa jina jingine? Hatua ya kwanza ya kuliondoa ni ipi, na nani ataichukua wiki hii?

Familia zisizo na uwanja, au wanaofanya kazi zamu za jioni, msijali. Tutachagua Jumamosi moja isiyo na mwezi mkubwa, tukutane nyuma ya kanisa baada ya ibada ya jioni, taa za nje zikiwa zimezimwa. Itatangazwa. Chai ya tangawizi itakuwepo, mje na vikombe vyenu na blanketi.

Mungu awabariki.